SOMO LA ROBO HII: TUSISAHAU MIFUPA YA BABA ALIYETIBIWA SARATANI YA TEZI DUME

 

Katika masomo yetu tumezoea kuzungumzia maji, lishe ya watoto, akina mama wajawazito na malaria. Safari hii tunazungumzia akina baba, hasa wazee. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume nchini Tanzania, na kila usharika wenye wazee unaweza kuwa na mgonjwa wake, hata kama hajajitaja. Wengi wao hupewa tiba ya homoni. Tiba hiyo huzuia saratani na kuwaongezea watu miaka. Lakini ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti: hupunguza uimara wa mifupa, taratibu na bila maumivu, mpaka siku mfupa unapovunjika.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, kila mjumbe wa kamati aweze kufanya mambo matatu:
1. Kueleza kwa lugha nyepesi kwa nini tiba ya homoni hupunguza mifupa.
2. Kutambua dalili zinazohitaji hospitali siku hiyohiyo.
3. Kuisaidia familia kupanga chakula, mazoezi na usalama wa nyumbani, na kumwuliza daktari maswali yanayofaa.

TULIVYOJIFUNZA KWA MZEE MMOJA

Hatutamtaja jina wala usharika wake. Ni mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyekutwa na saratani ya tezi dume na kufanyiwa upasuaji wa kuondoa korodani. Kamati ilichanga nauli, ofisi yetu ikaongezea. Hali yake ikawa nzuri. Kila alipopimwa damu, kipimo cha PSA kilikuwa chini, na familia ikatoa sadaka ya shukrani. Baada ya hapo tukafunga jalada lake.

Mwaka wa nne, wakati wa mvua za masika, alitoka kwenda migombani nyuma ya nyumba. Akateleza. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala kwenye korongo, alianguka kutoka kimo chake mwenyewe, ubavu ukagonga chini, nyonga ikavunjika. Watu wote, sisi tukiwamo, tulisema saratani imerudi. Picha ya eksirei ilionyesha vingine. Madaktari hawakuona saratani mahali palipovunjika. Waliona mfupa mwembamba, uliopungua kwa miaka minne bila mtu kujua.

Watoto wake walituuliza kwa nini hakuna aliyewaambia habari za mifupa. Tulirudi kwenye jalada tukaangalia. Kulikuwa na nauli, vipimo, gharama za upasuaji na ziara za kumwombea. Habari ya mifupa haikuwamo hata mstari mmoja. Nasi tulikuwa tumemtembelea mara nyingi, tumekunywa chai kwake, wala hatukuuliza. Somo hili tunaliandika kwa sababu ya mzee huyo.

HOMONI YA KIUME NA SARATANI

Saratani ya tezi dume hustawi kwa kutumia homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Sehemu kubwa ya homoni hii hutengenezwa na korodani. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges, waliokuwa Chicago, Marekani, walionyesha kwamba homoni hii ikiondolewa, saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hurudi nyuma. Mwaka 1966 Huggins alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Hadi leo huo ndio msingi wa tiba ya homoni.

Kuna njia mbili kuu za kuipunguza homoni hiyo:

(a) Upasuaji wa kuondoa korodani. Hufanyika mara moja, gharama yake ni nafuu kuliko sindano za miaka mingi, na hauhitaji mgonjwa arudi kila mwezi kuchomwa dawa. Kwa sababu hizo wagonjwa wengi wa nchi zetu hupata tiba hii.

(b) Sindano, kama goserelini, zinazochomwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Zinaziamuru korodani zisitengeneze homoni. Athari yake kwa mifupa ni ileile, ingawa sindano zikisimamishwa homoni inaweza kurudi polepole, na kwa wazee wengine hairudi vizuri.

Vipo pia vidonge vinavyozuia homoni isifanye kazi kwenye saratani. Mara nyingi hutolewa pamoja na sindano au baada ya upasuaji.

Hapa tunaomba kamati ziwe makini. Vijijini kwetu watu husema tu kwamba fulani "amefanyiwa operesheni ya tezi dume". Maneno hayo yana maana zaidi ya moja. Wazee wengi hupasuliwa kwa sababu tezi imevimba na kuziba mkojo, bila saratani. Hao hawakuondolewa homoni, na somo hili haliwahusu moja kwa moja. Wengine wametibiwa kwa mionzi. Mionzi peke yake si tiba ya homoni, ila mara nyingi huambatana na sindano za homoni. Hivyo swali la kwanza la kuuliza, kwa faragha na kwa heshima, ni hili: je, baba aliondolewa korodani, au anachomwa sindano za homoni, au alizichoma kwa muda fulani? Kama hajui, aangalie cheti alichopewa hospitali au amwombe daktari amweleze.

MFUPA SI JIWE

Tukitazama mfupa wa ng'ombe jikoni tunadhani ni kitu kilichokufa. Ndani ya mtu aliye hai mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku. Zipo seli za kubomoa sehemu zilizochakaa na zipo seli za kujenga upya. Ni kama nyumba ya mianzi ya wazee wetu. Ukitoa mwanzi mmoja uliooza na kurudisha mmoja mzima, nyumba husimama miaka mingi. Ukitoa miwili ukarudisha mmoja, kwa nje nyumba inaonekana ileile, lakini siku ya upepo huanguka.

Anayesimamia uwiano huo kwa mwanaume ni testosteroni pamoja na estrojeni. Wengi hushangaa kusikia kwamba mwanaume naye ana estrojeni. Mwili wake huitengeneza kutokana na testosteroni yenyewe, na ndiyo mlinzi mkubwa wa mifupa yake. Kwa hiyo testosteroni ikiondolewa, walinzi wote wawili huondoka pamoja. Ubomoaji unaendelea, ujenzi unabaki nyuma.

Mwanaume mzee asiye na tiba hii hupoteza mfupa polepole, kiasi cha asilimia moja au pungufu kwa mwaka. Aliye kwenye tiba ya homoni anaweza kupoteza asilimia 2 hadi 5 katika mwaka wa kwanza peke yake, na wengine zaidi. Baadaye kasi hupungua, lakini hasara huendelea kadiri tiba inavyoendelea. Aidha, misuli hupungua na mafuta huongezeka. Misuli ikipungua, miguu inakosa nguvu na mtu huanguka kwa urahisi. Mfupa dhaifu na mguu dhaifu vikikutana kwenye njia yenye utelezi, ndipo tunapompata mzee wetu wa migombani.

Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 50,000 wa Marekani waliokuwa na saratani ya tezi dume. Miongoni mwa waliokuwa hai miaka 5 baada ya ugonjwa kugunduliwa, waliovunjika mfupa walikuwa karibu 19 katika kila 100 kwa waliopata tiba ya homoni, na karibu 13 katika kila 100 kwa ambao hawakuipata. Hao ni Wamarekani na mazingira yao si yetu, lakini mfupa wa binadamu ni mmoja. Tena wao hawashuki mlima kwenda mtoni kuchota maji.

ALIYEPASULIWA NDIYE ANAYESAHAULIKA

Tunaomba hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo kosa letu lilipokuwa.

Anayechomwa sindano anajua yuko kwenye matibabu. Kila baada ya miezi mitatu anapanda gari kwenda hospitali, anaonana na mhudumu, anaweza kuulizwa na kupimwa. Aliyepasuliwa hana tarehe ya kurudia sindano. Kidonda kikipona, yeye mwenyewe na familia na kamati husema matibabu yamekwisha. Ukweli ni kwamba matibabu yake hayaishi. Kila siku anayoamka anaishi bila homoni ile, na kila siku mifupa yake inalipa. Yule ambaye jalada lake tunalifunga mapema ndiye anayehitaji jalada lililo wazi kwa maisha yake yote.

Kuna sababu nyingine ya kusahaulika, nayo ni aibu. Baba aliyeondolewa korodani mara nyingi hataki mtu ajue. Wengine hawajawaambia hata watoto wao. Anakaa ndani, anaacha kwenda shambani na kwenye vikao vya wazee, hata kanisani. Kukaa ndani kunamnyima mwendo na jua, vitu viwili ambavyo mifupa inavihitaji sana. Kwa hiyo kumrudisha kwenye baraza la wenzake nako ni sehemu ya tiba.

Tunasisitiza: habari za tiba ya mtu zisitangazwe madhabahuni wala kwenye kikao cha jumuiya bila ridhaa yake. Tukimtaja katika maombi, tumwombee afya, inatosha. Mungu anajua yaliyobaki.

DALILI ZA KUANGALIA

Mfupa unaopungua hauumi. Hata hivyo kuna mambo yanayoweza kutushtua:
- Kimo kupungua, suruali zikaanza kuburuta.
- Mgongo kupinda kuliko zamani.
- Maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kunyanyua ndoo au mkungu wa ndizi, au baada ya gari kurushwa kwenye shimo.
- Kuvunjika kiganja, mbavu au nyonga kwa kuanguka kidogo tu.

Mtu asiseme "ni uzee" akanyamaza. Vilevile asiseme kila maumivu ya mgongo ni ya mifupa myepesi. Saratani ya tezi dume ina tabia ya kusambaa kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga. Anayeweza kutofautisha ni mtaalamu, kwa picha na vipimo.

Dalili za hatari, ambazo hazisubiri Jumatatu wala hazisubiri mchango ukamilike, ni hizi: maumivu ya mgongo yanayoongezeka hasa usiku, miguu kuishiwa nguvu, ganzi miguuni au sehemu za siri, kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia choo. Huenda uti wa mgongo unabanwa. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe Makandana, Itete au Igogwe, ili aonwe na apewe rufaa haraka kwenda Mbeya. Akicheleweshwa anaweza kupooza moja kwa moja.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Asiache tiba

Hili tunalitanguliza kwa makusudi. Baba akisikia kuwa tiba inadhoofisha mifupa anaweza kukatisha sindano. Asifanye hivyo. Saratani isiyozuiwa huharibu mifupa vibaya zaidi, tena kwa maumivu makali. Tunachotafuta ni kutibu saratani na kulinda mifupa kwa pamoja.

2. Chakula

Mifupa hujengwa kwa madini ya kalsiamu. Mzee wa namna hii anahitaji kiasi cha miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe kikubwa cha maziwa ya ng'ombe, yaani robo lita, kina karibu miligramu 300. Mtindi unafaa vilevile. Wilaya yetu inasifika kwa maziwa, lakini tumeona nyumba ambamo maziwa yote ya asubuhi yanakwenda kwenye kituo cha kukusanyia, na mzee aliyekata majani ya ng'ombe anakunywa chai ya rangi. Tunaelewa kuwa maziwa ni ada ya shule. Tunaomba familia itenge vikombe viwili vya mzee kabla ndoo haijatoka nyumbani.

Usipa wa Ziwa Nyasa wanaopanda sokoni kutoka Kyela ni chakula kizuri cha mifupa, kwa sababu huliwa pamoja na miiba yao. Kabichi ya kichina na sukuma wiki pia zina kalsiamu ambayo mwili huipata vizuri. Mchicha ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake hushikwa na asidi iliyomo ndani yake, mwili unapata kidogo. Maharage, mayai na samaki huongeza protini ya kujenga misuli. Sahani ya ndizi peke yake inashibisha, lakini haijengi mfupa.

Vidonge vya kalsiamu vitumike kujaza pengo pale chakula kisipotosha, kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Unga wa "dawa ya mifupa" unaonadiwa kwenye mabasi na minada, ambao hakuna ajuaye kilichomo, si wa kununuliwa kwa fedha za kamati.

3. Jua na vitamini D

Kalsiamu haiwezi kutumika vizuri bila vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini. Yapo majuma ya ukungu na baridi, mzee anakaa jikoni kando ya moto akiwa na koti na kofia. Kila jua linapotoka, atoke nalo, mikono na miguu iwe wazi kwa muda. Daktari anaweza kumwongezea vidonge vya vitamini D. Kiasi kinachoshauriwa mara nyingi ni yuniti 800 hadi 1,000 kwa siku.

4. Mwendo

Mfupa hujengwa unapobebeshwa uzito wa mwili. Kutembea nusu saa karibu kila siku kunafaa sana, hata kwa vipande vya dakika kumi kumi. Zoezi jingine jepesi ni kukaa kwenye kiti imara na kusimama bila kushika kwa mikono, mara kumi, asubuhi na jioni. Linaimarisha mapaja, nayo mapaja ndiyo yanayozuia kuanguka.

Kazi za shamba zisikatazwe zote. Kupalilia kidogo na kukata majani ni mazoezi. Gunia la viazi na mkungu mzima viachwe kwa vijana. Kunyanyua mzigo huku mgongo umeinama ndiko kunakovunja pingili za mgongo. Ambaye saratani yake imeingia kwenye mifupa aulize daktari kwanza ni mazoezi gani yanamfaa.

5. Sigara na pombe

Sigara na ugoro viachwe. Pombe nyingi, iwe ya dukani au kimpumu, hudhoofisha mfupa na pia humwangusha mtu njiani. Hapa hatusemi kwa habari ya nidhamu ya kanisa tu, tunasema kwa habari ya nyonga.

6. Njia na nyumba

Hapa ndipo usharika unapoweza kufanya mengi bila fedha nyingi. Wagonjwa wa tezi dume huamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo. Choo kiko nje, njia ni mteremko, mvua inanyesha, na mzee amevaa malapa. Wekeni kopo lenye mfuniko kando ya kitanda. Tochi au taa ya sola iwe karibu na mkono. Chimbeni ngazi kwenye mteremko, wekeni mawe madogo au kokoto juu yake. Chomekeni nguzo ya kushika chooni. Apate mkongojo na viatu vyenye meno. Anayetumia dawa za shinikizo la damu akae kitandani kidogo kabla ya kusimama, kizunguzungu kipite.

Katika safari, pikipiki kwenye barabara yenye makorongo si usafiri wa mtu mwenye mgongo dhaifu. Kwenye basi akae viti vya mbele, kwa kuwa vya nyuma hurusha zaidi. Kamati inayolipa nauli inaweza pia kuwahi kiti.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Familia nyingi huogopa kuuliza. Tunashauri mjumbe mmoja au mtoto wa mgonjwa aingie naye, akiwa na karatasi yenye maswali haya:
- Tiba ya homoni ya baba ni ya aina gani, na itaendelea kwa muda gani?
- Je, mifupa yake iko katika hatari kubwa?
- Anahitaji vidonge vya kalsiamu na vitamini D?
- Anahitaji dawa ya kuzuia mifupa isibomoke?
- Figo na meno yake viko salama kwa dawa hiyo?

Kipo kipimo maalumu cha kupima uzito wa mifupa kwa mionzi kidogo. Mashine zake ni chache nchini na ziko mijini, wala si kipimo cha hospitali ya wilaya. Hata bila mashine, daktari anaweza kukadiria hatari kwa maswali: umri, uzito mdogo wa mwili, kuwahi kuvunjika mfupa baada ya utu uzima, mzazi kuwahi kuvunjika nyonga, sigara, pombe, ugonjwa wa baridi yabisi, na matumizi ya muda mrefu ya dawa kama prednisolone. Majibu hayo yaandikwe mapema ili daktari asipoteze muda.

Dawa za kuzuia mfupa usibomoke zipo za namna tatu hivi. Kuna kidonge cha alendronati kinachomezwa mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha mtu akae wima au asimame kwa nusu saa, la sivyo kitaunguza koo. Kuna asidi ya zoledroniki inayowekwa kwa dripu. Na kuna sindano ya denosumabu, inayochomwa kila miezi 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wanaume zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye tiba ya homoni, ulionyesha kuwa katika miaka 3 waliovunjika pingili za mgongo walikuwa karibu 4 katika 100 kwa wasiopewa denosumabu, na 1 au 2 tu katika 100 kwa waliopewa. Sindano hii isikatishwe ghafla bila mpango wa daktari, kwani mifupa hupungua tena kwa kasi.

Dawa hizi zina masharti. Kabla ya dripu au sindano, figo na kiwango cha kalsiamu vipimwe, na meno mabovu yatibiwe kwanza, kwa sababu kwa wachache taya huweza kuharibika, hasa jino linapong'olewa wakati dawa inaendelea. Si kila baba anazihitaji. Ndiyo maana tunasema aulizwe daktari.

KAZI YA KAMATI YA USHARIKA

Tunapendekeza kila kamati ifanye mambo haya kabla ya robo ijayo:
1. Fungua upya majalada ya akina baba waliowahi kusaidiwa kwa saratani ya tezi dume, hasa waliopasuliwa. Watembeleeni.
2. Kwa kila mmoja andikeni: aina ya tiba, mwaka ulioanza, kama amewahi kuanguka au kuvunjika, na tarehe ya mwisho kuonana na daktari. Daftari hili litunzwe na mtu mmoja mwaminifu.
3. Vijana wa usharika wapewe siku moja ya kutengeneza njia ya choo ya kila mzee huyo. Jembe na kokoto vinatosha.
4. Akina mama wazungumze na familia kuhusu maziwa na usipa.
5. Mnapopanga nauli ya kwenda Mbeya, au safari ndefu ya Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, hakikisheni karatasi ya maswali iko mfukoni. Ni hasara kusafiri karibu kilomita 900 na kurudi bila kuuliza.

NENO KWA MARAFIKI WANAOCHANGIA

Kwa miaka mingi taarifa zetu kwenu zilihesabu wagonjwa waliosafirishwa na waliotibiwa. Hizo zilikuwa hesabu za kweli, lakini zilikoma mlangoni pa hospitali. Mzee aliyevunjika nyonga alikuwa amehesabiwa kwetu kama mafanikio. Alilala kitandani miezi mingi, binti yake akaacha biashara yake sokoni ili amhudumie, na ng'ombe wa maziwa akauzwa.

Hatuombi mashine kubwa. Tunaomba mkubali kwamba katika kila mpango wa kumsaidia mgonjwa wa saratani ya tezi dume kuwe na fungu dogo la ufuatiliaji baada ya tiba: vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa anayevihitaji, kipimo cha figo, taa ya sola, mkongojo, na nauli ya mtu wa kumsindikiza. Nasi kwa upande wetu tutaanza kuwaandikia ni akina baba wangapi wamefuatiliwa mwaka mzima baada ya upasuaji, na wangapi wameanguka. Hata takwimu zisipopendeza tutaziandika.

MASWALI YA MAJADILIANO

Someni pamoja Marko 2:1-12, habari ya mtu mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne.
1. Wale wanne hawakuishia mlangoni walipokuta umati. Sisi tunaishia wapi tunapombeba mgonjwa wetu?
2. Katika usharika wetu ni akina baba wangapi wamepata tiba ya homoni? Nani anawatembelea, na anauliza nini?
3. Ni jambo gani linawafanya wanaume wa kwetu wafiche ugonjwa huu? Wazee wa kanisa wanaweza kufanya nini ili wasijitenge?
4. Mkitembea leo kutoka kitanda cha mzee mmoja hadi chooni kwake, mtakuta hatari ngapi njiani?
5. Kati ya mambo sita ya nyumbani tuliyojifunza, ni lipi tunaweza kulianza juma hili bila kusubiri fedha?

Majibu yenu yaleteni ofisini au mpeni mchungaji wenu, nasi tutayatumia kuandaa semina ya kamati za afya. Yule mzee wetu sasa anatembea kwa mkongojo. Njia yake ya kwenda chooni vijana wameichimba ngazi, na jirani anamletea maziwa. Alituomba tuwaambie akina baba wenzake wasione haya kuulizia mifupa yao. Tumemaliza ujumbe wake.